TVA ya umemba ngambo ya mpaka: nani analipa, na analipa wapi?

Chukua mfano wa koperative ya kahawa pale Butembo. Kila mwaka inatuma dola 600 Brussels, kwa shirika la watu wa kahawa ambamo iko memba. Kwa ile feza inapata jarida, habari za bei, mashauri juu ya ubora, na nafasi kwenye maonyesho. Faktire inafika: dola 600, TVA sifuri. Mutunza feza anafurahi, anaiweka pamoja na karatasi zingine, anasahau. Kumbe kodi haikufutwa. Imevuka mpaka pamoja na huduma, na sasa iko inamungoja yeye.

Tangu 2010, kanuni ya Ulaya inasema hivi: huduma ikiuzwa kwa mtu wa biashara, kwa kawaida inahesabiwa kuwa imetolewa kule mnunuzi anakaa. Koperative iko Butembo, kwa hiyo Ubelgiji haina kitu cha kudai. Njo sababu ya ile sifuri.

Upande wa Congo, TVA ilianzishwa na sheria ya tarehe 20 Agosti 2010, ikaanza kukatwa tarehe 1 Januari 2012, kwa 16%. Sheria hiyo inaangalia kule huduma inatumika: ikitumika ndani ya inchi, inalipiwa TVA hapa, hata kama muuzaji hajawahi kukanyaga Congo. Muuzaji wa kigeni anapaswa kuwa na mjumbe wake hapa wa kulipa kwa jina lake. Asipomuweka (na shirika gani la Brussels litatafuta mjumbe Butembo kwa dola 600?), deni linageukia mteja. Koperative inapaswa kutangaza dola 96 kwa DGI, kabla tarehe 15 ya mwezi unaofuata haijapita.

Je, ni hasara? Inategemea. Koperative iliyoandikishwa kwa TVA inaweza kutoa kodi iliyolipa juu ya matumizi ya kazi yake, na kahawa inayouzwa inje inahesabiwa kwa 0%, kwa hiyo inabaki inadai serikali. Kwa karatasi ni vizuri. Kwa kweli, kurudishiwa TVA ni kilio cha muda mrefu cha makampuni yanayouza inje, ya madini zaidi. Kwa mdogo ambaye hajaandikishwa, juu mauzo yake hayafiki franka milioni 80 kwa mwaka, hakuna cha kutoa: kodi inakuwa gharama yake.

Hatari kubwa iko kwingine. Kama shirika la Brussels halijui kwamba memba wake anafanya biashara, linaweza kumuhesabu kama mtu binafsi na kuongeza TVA ya Ubelgiji, 21%, ni kusema dola 126. DGI haitakubali kupunguza ile feza ya Wabelgiji, na koperative italipa mara mbili. Dawa ni ndogo: wakati wa kujiandikisha, kutuma namba ya kodi na namba ya kuandikishwa kwa koperative, na kuomba faktire iandikwe kwa jina la koperative, hapana kwa jina la prezida wake.

Muuguzi ama enjinia wa Bunia anayejilipia mwenyewe hana njia hiyo. Kwa mtu binafsi, kanuni ya kawaida inabakiza kodi kule shirika liko, isipokuwa huduma ni ya intaneti tupu, ama shirika liko katika yale yasiyotozwa kwa sababu ya lengo lake, kama vile sendika.

Majirani nao wana hesabu zao: Uganda, Rwanda na Burundi ni 18%. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, lakini kila inchi imebakia na TVA yake.

Kuna swali lingine wengi wanaruka: ile feza ni bei ya huduma, ama ni mchango tu? Mwaka 1988 korti ya Ulaya iliamua kesi ya wakulima wa matofaa na mapeasi wa Uingereza. Walikuwa wanalazimishwa kulipa baraza lao kila mwaka, lakini faida ilikuwa ya sekta nzima, haikufungamana na kile kila mmoja alilipa. Korti ikasema: hiyo haina TVA. Mwaka 2002, kwa klabu moja ya golf ya Uholanzi, jibu lilikuwa kinyume. Ada ya mwaka ilikuwa bei ya haki ya kutumia uwanja, hata kwa memba ambaye hakucheza hata siku moja.

Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Congo, lakini zinaonyesha kitu cha kutafuta ndani ya statuti za shirika kabla ya kutuma feza. Koperative ambayo haijafungua lile jarida mwaka mzima, basi, inafanana na yule memba wa golf.