Kuhama, Kuhamahama na Kuhamishwa: Vitenzi vya Mwendo na Mamlaka juu ya Mwendo Katika Turkana

Kitenzi move cha Kiingereza kina sifa inayowafaa sana waandishi wa ripoti: umbo lake ni lile lile, mtu awe ameondoka kwa hiari yake au ameondoa wengine. Familia ikiamua kuwafuata jamaa zake mjini, kitenzi ni hicho. Afisa akiipandisha familia hiyo kwenye basi na kuipeleka asikokujua, kitenzi ni hicho hicho. Kauli ya kutendwa ipo katika Kiingereza, lakini mwandishi anaweza kuikwepa bila kuvunja sarufi. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo kwa urahisi. Anayeondoka amehama, anayemwondoa mwenzake amemhamisha, aliyeondolewa amehamishwa, na aliyechaguliwa mahali pa kwenda amehamishiwa huko. Tofauti hizi zina uzito wa pekee katika kaunti ya Turkana, ambako Lodwar, makao makuu ya kaunti, na Kakuma, mji wa kambi ya wakimbizi, zimetenganishwa na takriban kilomita 120 za barabara moja. Huko wanaishi wafugaji wanaohimizwa watulie na wakimbizi wasioruhusiwa kutoka bila kibali. Hoja ya makala haya ni kwamba vitenzi vya Kiswahili vya mwendo hueleza pia ni nani mwenye uamuzi juu ya mwendo, na kwamba lugha yetu ya utawala na ya magazeti imeupoteza ubainifu huo kwa kugeuza vitenzi kuwa majina ya makundi ya watu.

Tuanze na unyambuaji wenyewe. Katika hama, kiima ndicho chenye tendo na ndicho chenye uamuzi. Kauli ya kutendea, hamia, huongeza mahali pa kufikia bila kumnyang'anya mtu uamuzi wake. Kauli ya kutendesha, hamisha, humleta mtu wa pili, naye ndiye mwenye nguvu. Kauli zote zikikutana katika hamishiwa, tunapata kiima ambacho kimesafiri, kimefika mahali mahususi, lakini hakikuamua lolote kati ya hayo mawili. Historia ya Turkana imejaa sentensi za namna hii. Mwaka 1959, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, Jomo Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akazuiliwa humo hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Mwaka 2002, Wasomali Wabantu wapatao 12,000 walihamishwa kutoka Dadaab kwa misafara ya mabasi na kufikishwa Kakuma, wakisubiri kuhojiwa kwa ajili ya kupelekwa Marekani. Kisha, makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa karibu na Kakuma kuanzia 2016, kuna waliohamishiwa huko kutoka kambini. Mfungwa wa kisiasa, kundi la wakimbizi na familia zilizojaza kambi wana mikasa tofauti kabisa, lakini sarufi inawaweka katika safu moja, na inawaweka hapo kwa haki: katika kila tukio, mahali pa kwenda palikuwa pameamuliwa na mtu asiyesafiri.

Ubainifu huo hupotea pale kitenzi kinapogeuzwa nomino. Neno mkimbizi limetokana na kimbia, na z iliyomo ni athari ya l ya kale ambayo bado tunaiona katika kimbilia na kimbilio. Kitenzi kina wakati: mtu alikimbia, anakimbia, atakimbia. Nomino haina wakati. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, ilipopokea vijana wa Sudan waliolazimika kuondoka Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka 1991. Vijana wale walikuwa wakimbizi kwa maana kamili ya kitenzi, kwani walikuwa wamekimbia vita Sudan, kisha wakakimbia tena Ethiopia. Lakini mtu aliyezaliwa kambini Kakuma mwaka 1995, akasoma huko, akaoa huko na kupata watoto huko, anaitwa kwa jina la tendo ambalo hajawahi kulitenda. Wala watoto wake hawajalitenda. Zaidi ya hayo, tendo lenyewe ni kinyume cha hali yake, kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya 2021, kama ile ya 2006 iliyoitangulia, inamtaka aishi katika eneo lililotengwa, na akitaka kwenda Eldoret au Nairobi anahitaji kibali. Aliyepewa jina la mbio ndiye aliyezuiwa kwenda.

Upande wa pili wa barabara ile ile yuko mfugaji, ambaye Kiswahili rasmi humwita mfugaji wa kuhamahama. Hapa jambo la kuchunguza ni uradidi. Kurudia shina la kitenzi katika Kiswahili kuna kazi zaidi ya moja. Katakata hueleza kukata vipande vingi. Lialia hueleza kulia mara kwa mara. Tembeatembea, zungukazunguka na tangatanga hueleza mwendo usio na shabaha. Kamusi zikifafanua hamahama kuwa kuhama mara kwa mara, hazikosei. Lakini neno haliishi katika kamusi peke yake, bali huishi pamoja na jirani zake, na jirani za hamahama ni vitenzi vya mwendo ambavyo uradidi umeviondolea kikomo. Ndiyo maana tunasema bila shida kwamba ukoo fulani umehamia Lorugum, lakini kauli ya kutendea, inayotaja mahali pa kufikia, haikai vizuri na shina lililoradidiwa. Anayehamahama, kwa mujibu wa sentensi, haelekei popote, na kutoka hapo ni hatua fupi tu kufikia dhana kwamba hajui aendako.

Dhana hiyo haina ukweli. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, tena mvua isiyoaminika, ambayo hunyesha bonde moja na kuliacha la pili kavu. Waturkana wameijengea hali hiyo utaratibu. Wakati wa akiporo, msimu wa mvua, mifugo hutawanyika nyandani. Wakati wa akamu, kiangazi, husogezwa kwenye milima na kando ya mito. Kwenye kingo za Turkwel, familia zina haki ya ekwar, yaani sehemu ya migunga ambayo matunda na majani yake ni akiba ya mifugo wakati nyasi zimekwisha, na mgeni hawezi kuitumia bila idhini. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu Wajie na Waturkana, alionyesha jinsi kila mwenye mifugo anavyopima malisho, maji na afya ya wanyama kabla ya kuliondoa boma lake. Mwaka 1988, James Ellis na David Swift, wakitegemea utafiti wa miaka mingi kusini mwa Turkana, walidai kwamba katika nchi ya namna hii ukame ndio unaotawala idadi ya mifugo, na kwamba wafugaji hudumu kwa sababu wanaweza kuhama. Mwendo huu pia una mikataba yake. Makubaliano ya Lokiriama ya 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja yalifungua malisho ya mpakani. Kenya na Uganda zikatia saini hati ya maelewano mjini Moroto mwaka 2019. Na mwaka 2023 amri ya Rais Museveni iliwataka wafugaji Waturkana wenye silaha wazisalimishe au waondoke Uganda. Mwendo unaopatanishwa, unaotiliwa saini na unaoweza kusitishwa kwa amri ya rais hauwezi kuitwa kutangatanga.

Kosa la jina huzaa kosa la mpango. Ukiamini kwamba mtu anahama kwa kukosa mahali, tiba ni kumpa mahali. Ndivyo miradi ya kilimo cha umwagiliaji kando ya Turkwel, kama Katilu iliyoanza miaka ya 1960, ilivyofikiriwa, na ndivyo ilivyotarajiwa kwamba kiwanda cha kugandisha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kingewageuza wafugaji kuwa wavuvi. Kiwanda hakikudumu: gharama za kugandisha zilikuwa kubwa kuliko mapato, na maji ya ghuba ya Ferguson yakapungua. Sidai kwamba neno liliujenga mradi au kuuangusha. Nadai kwamba neno liliufanya mradi uonekane wa busara kabla haujapimwa. Tukumbuke pia kwamba wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Kibali anachodaiwa mkimbizi wa Kakuma leo si mgeni katika ardhi hiyo. Babu za wenyeji wake walikijua.

Nimetumia neno wenyeji kwa makusudi. Katika nyaraka za wakimbizi, Waturkana huitwa jamii wenyeji. Katika nyaraka za mifugo, watu hao hao huitwa wahamahamaji. Mwenyeji ni mwenye mji, mwenye mahali pa kumkaribisha mgeni. Mhamahamaji, kwa jinsi tulivyoona, ni mtu ambaye lugha imemwondolea mahali. Haiwezekani majina yote mawili yawe sahihi kwa pamoja, na mgongano wao una gharama. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii ithibitishe uhusiano wake na eneo. Anayejulikana kwa jina la kuhamahama anaanza mchakato huo akiwa na deni la hoja, kwa kuwa ardhi aliyoiacha ipumzike kwa msimu mmoja huonekana tupu. Neno wenyeji humrudishia umiliki, lakini kwa kawaida hutajwa pale tu anapoombwa apokee wageni.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya maneno tu, na kwamba mkimbizi anahitaji chakula na kibali, wala hahitaji kauli ya kutendea. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Hakuna sarufi inayoweza kuchukua nafasi ya mgao wa chakula au maji ya kisima. Lakini kibali chenyewe ni maandishi, na mahakama huamua kwa maneno. Serikali ilipotangaza mwezi Desemba 2012 kwamba wakimbizi wa mijini wapelekwe kambini, Mahakama Kuu ililibatilisha agizo hilo mwaka 2013, na suala la uhuru wa kwenda lilikuwa kiini cha kesi. Kifungu cha 39 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu uhuru huo, na haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini kinamhifadhia raia. Tofauti kati ya kwenda na kuishi, basi, tayari ni tofauti ya kisheria. Mwananchi anayesoma habari hizo kwa Kiswahili anastahili kitenzi kinachomwonyesha ni uhuru upi unaozungumzwa na ni nani aliyeuzuia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Neno mkimbizi ni ngao. Mkataba wa Kimataifa wa 1951 unalinda watu wa hadhi hiyo, na anayekosa jina hilo anaweza kurudishwa alikotoroka. Nakubali, wala sipendekezi neno lifutwe. Napendekeza lisiachwe lifanye kazi isiyo yake. Katika hukumu au kitambulisho, mkimbizi ni hadhi ya kisheria na libaki hivyo. Lakini habari ikisema kwamba wakimbizi wamehamia Kalobeyei, msomaji hajui kama waliomba, walishawishiwa au walipakiwa. Kauli sahihi ingemjulisha. Ikumbukwe pia kwamba kifungu cha 26 cha mkataba huo huo kinazungumzia haki ya mkimbizi kuchagua makazi na kwenda kwa uhuru ndani ya nchi iliyompokea. Ngao hiyo, ikisomwa yote, ina kitenzi cha mwendo ndani yake.

Huenda pia ikasemwa kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya Mturkana wala ya Mdinka, na hivyo viambishi vyake haviwezi kubeba mzigo huu. Hali halisi ya Kakuma inaonyesha kinyume. Mahali ambapo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Kongo wanakutana na Waturkana, Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache zinazowavusha watu wa pande zote sokoni, hospitalini na barazani. Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha inayotumika kuwaambia watu waende wapi inapaswa kuwaambia pia ni nani aliyeamua.

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa mwaka 2025 kwa lengo la kuzigeuza kambi za Kenya kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji, umeifanya kazi hii kuwa ya haraka. Kambi inaweza kubadilishwa jina kwa siku moja, lakini itabaki kambi kama wakaaji wake bado hawawezi kuhama, na watu wa kuizunguka hawatakuwa wenyeji kamili kama kuhama kwao kunahesabiwa kuwa kasoro. Watafsiri wa nyaraka za kaunti, wahariri na walimu wana uwezo wa kurekebisha mambo matatu bila kusubiri sheria mpya. Waseme wafugaji wanaofuata malisho, au wanaohama kwa misimu, pale wanapoeleza ufugaji wa Turkana. Watenge mkimbizi wa hadhi ya kisheria na mtu aliyezaliwa Kakuma, ambaye maisha yake yanahitaji sentensi yake mwenyewe. Na kila wanapoandika kwamba watu wamehama, wajiulize kama walihama, walihamishwa au walihamishiwa, kisha wamtaje aliyehamisha. Kiswahili kimewapa zana za kufanya hivyo. Kutozitumia ni kumfichia mwenye mamlaka tendo lake.