Mapumziko Kando ya Mto Nyando

Mtu wa mjini apumzikaye katika nyumba ndogo ya shamba hudhani kwamba mito na miti imewekwa pale imburudishe. Historia ya Ahero yatufunza kwamba akaaye huko ni mgeni wa mto.

Ahero iko katika uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu. Mto Nyando hushuka kutoka milima ya Nandi, hupita hapo, kisha humwagika katika Ghuba ya Winam. Uwanda ni tambarare, na udongo wake mweusi haunywi maji upesi. Basi mvua ikizidi milimani, mafuriko hutanda mashambani.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Wajaluo wengi walianza kwenda mbali kutafuta kazi, na likizo ikawa safari ya kurudi nyumbani. Kwa desturi, watoto walilala katika siwindhe, nyumba ya nyanya yao, wakisikiliza hadithi. Kijana alilala katika simba, kibanda chake karibu na lango.

Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2. Katika miaka hiyo ya 1960 mradi wa mpunga ulianzishwa Ahero, na pampu zikavuta maji ya Nyando, yaliyoogopwa, yakawa chakula. Korongo na yangeyange nao wakapata malisho. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, na watu wengi wa ufuoni wakahama.

Basi uendapo huko likizo, watazame ndege, lakini waulize wazee maji yalifika wapi. Jibu lao ndilo lionyeshalo mahali pa kujenga.