Kwaya za Sauti Nne Kigoma: Asili, Msimu wa Maonesho na Haki za Watunzi

Muziki wa klasiki, kwa maana ya muziki unaoandikwa kwa nota na kutolewa kama mtunzi alivyouandika, husikika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika hasa kwa njia moja: kwaya ya sauti nne. Okestra ni adimu hata Dar es Salaam. Kwaya, kwa upande wake, zipo Kigoma mjini, Kasulu, Kibondo na vijijini, na maonesho yake hufuata majira yanayojulikana.

Muziki huo uliingia kupitia Ujiji. Wamisionari wa London Missionary Society walifika hapo mwaka 1878, nao Mapadre Weupe wa Kadinali Lavigerie mwezi Januari 1879. Wa kwanza walikuwa na tenzi za Kiprotestanti za sauti nne. Wa pili walikuwa na nyimbo za Kilatini za sauti moja. Ujiji wakati huo ulikuwa tayari mji wa Waislamu, na maulidi ya huko ni uimbaji mkongwe ambao orodha za burudani husahau mara nyingi kuutaja. Kwa Wakatoliki, mlango wa lugha za wenyeji ulifunguliwa rasmi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Desemba 1963. Mwaka huohuo padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha utafiti wake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Kilichobeba urithi huu ni karatasi. Kwaya nyingi nchini hazisomi nota za mistari mitano. Hutumia solfa, mfumo ulioendelezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19. Herufi d, r, m, f, s, l na t husimama badala ya sauti, na nukta pacha na vistari huonesha muda. Mwalimu wa kwaya huandika mistari minne, mmoja kwa kila sauti, na maneno kati yake. Kinanda si lazima: akishatoa "do", kila kundi hujifunza mstari wake peke yake, kisha makundi huunganishwa. Ndivyo "Haleluya" ya Handel, kutoka kazi yake Messiah iliyotolewa kwanza Dublin mwaka 1742, inavyoimbwa kwa Kiswahili bila okestra. Hata tuni ya Wimbo wa Taifa imetoka katika mapokeo hayo: Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya nchini Afrika Kusini, aliitunga mwaka 1897 na kuiandika kwa solfa.

Udhaifu wa karatasi ni kwamba hunakiliwa. Kosa dogo katika sauti ya pili huenea kwa kila kwaya inayopokea nakala, na jina la mtunzi ndilo huachwa kwanza.

Maonesho makubwa ni ya Noeli na Pasaka, pamoja na jubilei na uzinduzi wa albamu, na hutangazwa makanisani siku za Jumapili. Kwa wanafunzi, kwaya ni sehemu ya mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Onesho la burudani linalofanyika nje ya ibada husimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Mwandaaji huanzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake.

Haki za mtunzi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Haki hiyo huanza pale kazi inapotungwa. Usajili si sharti la kuipata, bali husaidia kuithibitisha panapotokea mgogoro. Kwa hiyo kwaya inayorekodi wimbo iliyoupata kwa nakala isiyo na jina bado inahitaji idhini ya aliyeutunga, hata kama wimbo huo umeimbwa parokiani kwa miaka mingi. Walimu wa kwaya wanashauriwa kuandika jina la mtunzi, mahali na mwaka juu ya kila ukurasa kabla ya kuupeleka kunakiliwa.