Kutafuta na kuhifadhi rekodi za babu aliyekuwa askari wa KAR

Familia ya Birongo, Kaunti ya Kisii, inayotaka kujua babu alipigana wapi akiwa askari wa King's African Rifles (KAR) sharti ianzie kwenye sanduku la bati nyumbani. Kinachotafutwa kwanza ni namba yake ya jeshi. Jina pekee halitoshi, kwani makarani waliliandika walivyolisikia. Wilaya nayo huenda isisomeke Kisii: wakati wa vita vyote viwili vya dunia eneo hilo lilikuwa katika Kavirondo Kusini.

Nishani zisiwapotoshe. Zile za Uingereza za Vita vya Pili (1939-1945) zilitolewa bila jina la askari, hivyo Nyota ya Burma si ushahidi tosha pasipo cheti cha kuachishwa jeshi.

Kisha nendeni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, penye majalada ya utawala wa wilaya. Shajara za vikosi ziko Kew, London, ila ni nadra kumtaja askari wa kawaida. Kwa asiyerudi, tazameni orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jina likikosekana, msikate tamaa: mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba Waafrika wengi, hasa wapagazi wa Vita vya Kwanza, hawakuandikwa majina. Wenye ushahidi wanaweza kuiandikia.

Cheti kisizibwe ndani ya plastiki kwa joto, wala nishani isisuguliwe kwa majivu. Kipigeni picha pande zote mbili, mkiweke katika bahasha kavu, mbali na moshi wa jikoni. Nyuma ya picha za zamani andikeni kwa penseli majina ya wanaoonekana, maadamu yupo anayewatambua.