Hela Nyekundu

Mjerumani aliyeishiwa kabisa husema hana hata hela nyekundu. *Keinen roten Heller.* Nilipousikia msemo huu kwa mara ya kwanza, katika darasa la Kijerumani jijini Dar es Salaam, nilicheka kwa sauti. Kwetu mwenye nyekundu ndiye tajiri wa siku hiyo. Noti ya elfu kumi ni nyekundu, vijana huiita msimbazi kwa sababu ya jezi za Simba, na asiyekuwa nayo ndiye hana mbele wala nyuma. Lakini kicheko kilipokwisha nikabaki na lile neno la mwisho. Heller. Mimi ni mtu wa Lushoto, na neno hilo nimelitamka tangu nilipoanza kutumwa dukani: Mama, nipe hela.

Wazungu wana misemo mingi ya kuchekesha, na ukiichimba utakuta mingi imezaliwa ama safarini ama mfukoni. Mjerumani asiyeelewa kitu husema "naelewa stesheni tu", na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba msemo ulitoka kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza, waliochoka hadi hawakutaka kusikia neno lingine isipokuwa stesheni ya kuwarudisha nyumbani. Jambo likimtia shaka, husema linaonekana la Kihispania. Mwingereza katika hali kama hiyo humsingizia Mgiriki, na Mfaransa humsingizia Mchina, kama sisi. Lakini misemo ya mfukoni ndiyo ninayoipenda zaidi. Mfaransa asiye na kitu hana hata *sou*, sarafu ambayo jina lake limetoka kwenye *solidus* ya Warumi na ambayo hakuna duka linaloipokea leo. Mtaliano hana hata "mdomo wa ndege wa *quattrino*". Mholanzi na Mmarekani hawana hata senti nyekundu.

Wekundu huo ni wa shaba. Heller ilianza katika karne ya 12 kwenye mji wa Hall, leo Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani. Ilikuwa sarafu ndogo ya fedha yenye mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili, na jina lake maana yake ni "ya Hall" tu. Ilienea kwa sababu ilikuwa rahisi. Kadiri miaka ilivyopita watengenezaji wakapunguza fedha na kuongeza shaba, hadi sarafu ikawa nyekundu na thamani yake ikawa kichekesho. Martin Luther alipoitafsiri Injili ya Mathayo, kwa mfungwa anayepaswa kulipa deni lake mpaka mwisho alichagua neno hilohilo, Heller. Anayelipa deni bila kubakiza kitu, Wajerumani husema amelipa "hadi Heller na Pfennig".

Hapa ndipo historia inaponikera kidogo. Sheria ya fedha ya mwaka 1873 iliipa Ujerumani nzima marki na *Pfennig*. Heller ikafa, ikabaki kwenye Biblia na kwenye midomo ya watu, jina la kitu kisicho na thamani. Miaka 31 baadaye, mwaka 1904, serikali ya Berlin ilitaka kubadilisha fedha ya koloni lake la Afrika Mashariki. Hadi wakati huo rupia moja ilikuwa na pesa 64, hesabu iliyotoka India. Sasa rupia ikagawanywa mara mia, na kile kipande cha mia kikahitaji jina. Wangeweza kukiita *Pfennig*, jina la sarafu yao wenyewe. Badala yake wakamfufua yule marehemu. Sarafu ya hela moja ilikuwa ya shaba nyeusi, nyekundu inapokuwa mpya.

Kwa hiyo sarafu ambayo kule ilikuwa utani, kwa watu wa milima yetu ilikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1898, na kwa nyumba ya kawaida ya kijijini ilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Kwa hesabu mpya, hela 300. Msambaa alikuwa na migomba, mbuzi na mahindi, lakini hakuwa na mti unaozaa hela. Hela ilipatikana sokoni au kwenye shamba la mlowezi, na walowezi wa Usambara walilalamika kila siku kwamba watu hawaji kazini. Mwaka 1907 wilaya yetu ikaanzisha kadi za kazi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi yake, akatakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyeijaza alikabiliwa na kazi za serikali. Wengi wetu tunajua neno kipande bila kujua kwamba baadhi ya babu zetu walihesabiwa siku zao hivyo, karibu kabisa na mahali tunaponunua plamu na viazi leo. Nikiusikia ule msemo wa "hadi Heller na Pfennig" sioni mahali pa kucheka.

Wilaya hiyo wakati ule iliitwa Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari. Jina lilifutika, tukarudi kuwa Lushoto, na sijasikia mtu akililia. Hata hivyo lile *tal*, yaani bonde, lilikuja kwetu kwa njia nyingine. Huko Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo, kuna bonde lililoitwa Joachimsthal, ambako fedha ilichimbwa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 16. Sarafu zake nene ziliitwa *Joachimsthaler*, zikafupishwa kuwa *thaler*, na Waingereza wakalitamka *dollar*. *Thaler* ya malkia Maria Theresa, yenye mwaka 1780, ilizunguka hadi Zanzibar, ambako watu waliiita riale. Thumuni yetu ni sehemu ya nane ya hiyo. Baadaye kipande cha shilingi tano kikaitwa dala, na magari yaliyotoza nauli hiyo yakawa daladala. Ukipanda gari Mombo na kukatiza zile kona hadi juu, umepanda bonde la Wajerumani lenye magurudumu.

Hela yenyewe haikudumu. Vita vilipofunga bahari, serikali ya Wajerumani iliishiwa sarafu, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikaanza kugonga hela tano na hela ishirini kwa shaba iliyookotezwa, yakiwemo maganda ya risasi. Ukiziona leo zimepindapinda, kana kwamba zilitengenezwa na watu wenye haraka, na kweli walikuwa na haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waingereza wakaleta shilingi na senti zao. Sarafu ikaondoka, neno likagoma kuondoka, kama lilivyofanya kule Ujerumani. Kwao limebaki kumaanisha si kitu. Kwetu limebaki kumaanisha fedha zote, za serikali na za mfukoni, za harusi na za rushwa.

Mjomba wangu wa Soni ana hela 10 ya mwaka 1910, ile yenye tundu katikati. Ametungia kamba ya funguo zake. Mtalii mmoja wa Kijerumani aliiona akataka kuinunua kwa noti nyekundu mbili, na mjomba akakataa, akauliza funguo atazitungia nini.