Kijiji cha Mkuzi na Safari ya Dawa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, dawa ya pirimethamini ilipokuwa ingali ngeni duniani, wenyeji wa Mkuzi, kijiji kilicho katika nchi ya Muheza, walipewa kuimeza mara moja kila mwezi. Nia ilikuwa njema, kuwakinga na malaria. Lakini haikupita miezi mingi vimelea vikaizoea dawa vikawa sugu, na usugu huo ukaonekana hata nje ya kijiji. Daktari David Clyde, mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alishiriki kuyaandika hayo katika majarida ya utabibu tangu mwaka 1954.

Msomaji aliweke moyoni jina la dawa hiyo, maana pirimethamini ndiyo nusu ya dawa iitwayo SP, na Agosti 2001 SP ndiyo iliyotangazwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara, badala ya klorokwini. Je, Wizara ya Afya ilisahau Mkuzi? Kusema hivyo ni kuionea. Usugu wa klorokwini ulikwisha onekana katika Afrika Mashariki tangu mwisho wa miaka ya 1970, na kwa miaka ishirini watoto waliendelea kunyweshwa dawa iliyozidi kudhoofika, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei na ilipatikana katika kila duka. Ilipobidi kuiacha, SP ilikuwa badala ambayo hazina ya nchi maskini iliweza kuigharamia. Ilichukuliwa kama daraja la kuvukia, si nyumba ya kukaa.

Hata daraja hilo halikupendwa. Klorokwini ilikuwa ikishusha homa upesi, ilhali SP haina tabia hiyo. Mama aliyeona mwili wa mwanawe ungali moto siku ya pili alidhani amepewa dawa hafifu. Tena zikavuma habari za watu walioharibika ngozi kwa dawa za salfa, na hofu hiyo haikuwa ya uzushi mtupu. Uchunguzi wa maabara hauna jibu kwa mama wa namna hiyo. Mwenye jibu ni mwuguzi wa zahanati, naye aghalabu ndiye wa mwisho kuelezwa.

Kati ya 2002 na 2004 swali lilirudi Muheza. Theonest Mutabingwa na wenzake waliwatibu watoto 1,811 kwa dawa za namna nne. Jambo kubwa la kazi ile ni kwamba watoto hawakulazwa: mama alipewa dawa mkononi akaenda nayo nyumbani, kama ilivyo desturi ya kila siku. Siku ya 14, vimelea vilikuwa vingalimo katika damu ya watoto 42 katika kila mia waliopewa amodiakwini peke yake. Waliopewa dawa mseto ya ALu, iliyo dozi sita, walikuwa mmoja tu katika mia. Hoja iliyokuwa ikitajwa mara kwa mara, kwamba akina mama wa shamba hawataweza kuzifuata dozi sita, ilipungukiwa nguvu palepale. Matokeo yalichapishwa 2005; mwaka 2006 sera ikabadilishwa, na ALu ikaanza kufika zahanati kuelekea 2007, kwa msaada wa fedha za Mfuko wa Dunia, maana bei yake ilipita mno ile ya SP.

Miaka ishirini kwa klorokwini, miaka miwili kwa ALu. Elimu haikuwa imepungua katika ile ishirini. Kilichokosekana ni dawa nyingine, fedha ya kuinunulia, na uchunguzi uliofanywa katika hali ya mgonjwa mwenyewe.

SP nayo haikuzikwa. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa Korogwe na Same, kwamba haikuwakinga watoto wachanga waliopewa kama kinga, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaishauri kinga hiyo ya watoto kwa nchi zile tu ambako usugu haujakithiri. Wajawazito, hata hivyo, wameendelea kupewa SP kliniki, Muheza na Mkuzi yenyewe.