Mwongozo Uliokuja Ndani ya Diski

Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, watu walizungumza kana kwamba nchi nzima imeunganishwa siku hiyo hiyo. Sisi tuliofundisha kompyuta Tukuyu tuliendelea na maisha ya diski. Programu zilipanda Hiace pale Mbeya mfukoni mwa mtu, zikapita Uyole na Kiwira, zikatufikia. Kilichokuwemo kwenye diski ndicho tulichokuwa nacho.

Historia ya kompyuta nchini huandikwa kwa mikongo na minara. Mimi naiona zaidi kwenye faili moja ya PDF, mwongozo wa kurasa zaidi ya 300, iliyokuwa ikijiweka yenyewe kwenye folda kila tulipoingiza VirtualBox.

Programu hiyo ilitolewa Januari 2007 na Innotek, kampuni ya Ujerumani. Sun Microsystems wakainunua mwaka 2008, na mwaka 2010 Oracle wakaichukua Sun yenyewe. Kazi yake ni kuifanya kompyuta moja ibebe nyingine ndani yake, yaani mashine pepe, kila moja na mfumo endeshi wake, kumbukumbu yake na diski yake. IBM walikuwa wakiuza jambo hilo tangu 1972, kwa mashine za kujaza chumba. Kwetu lilimaanisha kwamba chumba chenye kompyuta chache kinaweza kufundisha seva bila kununua seva, na mwanafunzi akiivuruga Linux, dakika chache baadaye mashine imerudi ilivyokuwa.

Sura ya 6 ya mwongozo huo, ya mitandao, ndiyo iliyotulea. Kila darasa lilikwama pale pale: mashine pepe mbili, zote zina anwani 10.0.2.15, na hazionani. Mwanafunzi anasema, "Mwalimu, hii imeharibika." Hapakuwa na pa kuuliza, kwa hiyo tulifungua PDF, tukatafuta neno NAT lililokuwa kwenye mipangilio ya mtandao, tukasoma kwa sauti sentensi moja moja, Kiingereza kikipita kwenda Kiswahili, na wakati mwingine Kinyakyusa. Jibu lilikuwamo: kwa njia ya NAT kila mashine hupewa mtandao wake peke yake, ndiyo maana anwani zinafanana bila kugongana, na ndiyo maana haziwezi kuzungumza. Kurasa chache mbele palikuwa na mtandao wa ndani, ambao hauhitaji kebo wala intaneti. Mashine pepe zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kwa ukurasa huo tulijenga seva ya kugawa anwani, seva ya wavuti na kompyuta ya mteja, vyote ndani ya kompyuta mpakato moja. Siku amri ya ping ilipojibiwa mara ya kwanza, darasa zima lilisimama.

Tulijaribu pia kuchapisha sura hiyo kwenye stesheneri. Lakini Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi iliyokaa kabatini msimu mmoja huota ukungu. Faili ilidumu. Ilihama kwa flashi kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa mwanafunzi, pamoja na virusi, kwa bahati mbaya.

Diski nayo ilikuwa na kikomo chake. Vifaa vya kuongeza kwenye mashine pepe vilikuja pamoja na programu, lakini kwenye Linux vilidai kwanza vichwa vya kerneli (kernel headers) na kikusanyi (compiler), ambavyo havikuwemo. Toleo la 4.0 la VirtualBox, la Desemba 2010, likatenga kifurushi cha nyongeza, na bila hicho USB 2.0 haikufanya kazi. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo programu ilipoanza kudhani kwamba kila anayeitumia ana intaneti.

Leo mnara wa simu unaonekana dirishani, na vijana hununua kifurushi cha data kusoma maelezo ambayo tayari yamo kwenye mashine zao. Mara nyingi wanachosoma mtandaoni ni cha toleo jingine, vitufe vimehama, wanahangaika bure. Kwa hiyo bado natunza folda moja kwa kila toleo: programu, kifurushi cha nyongeza, vichwa vya kerneli, na mwongozo wenye namba ile ile. Anayemaliza mafunzo huondoka nayo kwenye flashi, na wapo wanaofundishia kwa folda hiyo Busokelo na Kyela.